Trekta la Shemeji

Ukitaka kumjua mtu ambaye hajawahi kushika jembe, mwulize trekta la kununua liwe la ukubwa gani. Atakutajia kubwa kuliko yote aliyowahi kupishana nayo barabarani. Hatakuuliza shamba lina ekari ngapi, limelala au limepanda mlima, udongo wake ni mwekundu au ni wa mbuga. Hatauliza hata njia ya kufika shambani ina upana gani. Yeye ataanza na nguvu za farasi: 80, 90, 100. Hapa Babati mnyama tunayemjua ni punda, ndiye anayetubebea maji na magunia, na sijaona mtu aliyefuga punda 90 kwa ajili ya shamba moja.

Nasema hivi kwa sababu nina shemeji. Huyu mdogo wake mume wangu anaishi Dar es Salaam, anafanya kazi ya ofisini yenye kiyoyozi, na siku hizi ameamua kwamba ukoo mzima uingie kwenye kilimo cha kisasa. Kilimo chenyewe ni shamba la familia pale Bonga, barabara ya Kondoa, ekari sita ambazo mimi ndiye ninayezilima. Yeye huzikumbuka Krismasi, tena akiwa na raba nyeupe. Basi kila jioni kwenye kundi la WhatsApp la familia inaingia picha ya trekta. Leo jekundu, kesho la bluu, keshokutwa la kijani, lina kibanda cha vioo, lina feni na redio. “Shemeji, hili linavuta kwa magurudumu yote manne,” ananiandikia. Ndugu wanagonga dole gumba. Hakuna anayeuliza linavuta kwenda wapi.

Ekari zetu sita hazikai pamoja. Baba mkwe kipande kimoja alirithi, kingine akanunua, cha tatu akapewa kwa deni la ng'ombe. Viwili kati ya hivyo vimeegemea mteremko na vina makinga maji ambayo wazee waliyachimba kwa mikono yao ili udongo usihamie ziwani. Trekta lenye uzito wa zaidi ya tani tatu linapofika mwisho wa mstari linataka mahali pa kugeukia. Mahali hapo ama ni kinga maji, ama ni shamba la jirani, na jirani yetu si mtu wa kukanyagiwa ngwara zake.

Halafu kuna mbaazi. Huku kwetu mahindi na mbaazi hupandwa pamoja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki zimesimama, zinaendelea kukomaa kiangazi. Kwa hiyo bingwa anayenishauri nilime mara tu baada ya kuvuna mahindi, eti ardhi bado ina unyevu, ananishauri nilimie chini ada za watoto. Muda wetu wa kulima ni mfupi: mbaazi zitoke, ng'ombe wamalizie mabua, mawingu ya Novemba yaanze kukaa juu ya mlima Kwaraa, ndipo kila mtu akumbuke kwamba anahitaji trekta, tena leo hii.

Sasa tupige hesabu ambayo shemeji ameisomea mpaka chuo kikuu na hataki kuipiga. Plau ya diski tatu hukata upana wa sentimita 80 hivi. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka na muda wa dereva kupokea simu, ekari moja inamalizika kwa saa moja na nusu. Ekari sita ni saa tisa. Unaanza alfajiri, kabla ya jua kuzama umemaliza kazi ya kulima ya mwaka mzima. Ongeza siku ya kupiga haro. Siku zote zinazobaki, mali ya mamilioni imesimama chini ya mwarobaini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva na benki inapiga simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii yetu ingepotea daftari likiwa wazi mezani.

Na usiniambie mbaazi zitalipa mkopo. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Waliokuwa wamekopa kwa kutegemea bei ya msimu uliotangulia walibaki na magunia na barua za benki.

Turudi kwenye plau ya diski tatu, maana nguvu inayotakiwa kuivuta nayo ina hesabu yake. Kila diski inataka kati ya farasi 15 na 25, kutegemea udongo. Ule mwekundu wetu ukishaonja mvua, trekta la farasi 50 linaulima bila kupiga kelele. Udongo mweusi wa mbuga una tabia zake: ukikauka unavunja vyuma, ukilowa unameza magurudumu, na huko wenye farasi zaidi wana haki ya kuzungumza. Bonga si mbuga. Ndiyo maana zile Massey Ferguson 135 za miaka ya 1960, zenye farasi kama 45 tu, bado zinaheshimiwa na wakulima. Rangi imekwisha, taa hazipo, moshi ni mwingi, lakini injini yake ya silinda tatu kila fundi wa chini ya mti anaifahamu na spea zake zinatafutika. Trekta la kibanda cha vioo likigoma, fundi anatoka mbali na kompyuta yake, na mvua haimsubiri fundi.

Picha ziliposhindwa, shemeji alitutumia nauli mimi na mume wangu twende Nane Nane, viwanja vya Themi, kule Njiro, Arusha. Muuzaji mmoja alitupokea kwa soda. Nikamweleza ekari zetu, mteremko wetu na mbaazi zetu. Akasikiliza vizuri, kisha akanipandisha kwenye kiti cha trekta kubwa kuliko yote bandani kwake. “Mama, unaonaje?” Naona mbali sana, nikamjibu, naona mpaka wanaochoma nyama. Nikamwuliza ile shafti ya nyuma inabaki na nguvu kiasi gani, maana farasi wanaoandikwa ubavuni ni wa injini, na wanaofika nyuma kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi huwa ni pungufu. Akacheka. “Mama anajua mambo!” Kisha akamgeukia mume wangu na kumjibu yeye, mtu ambaye haro na chanja ya kuchomea nyama anavitofautisha kwa harufu.

Shemeji anasema nina mawazo madogo. Mawazo makubwa tulishaletewa, wala si mbali: shika barabara hii hii ya Kondoa, pita Dodoma, ingia Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, kwa sababu kwao mafuta ya kupikia yalikuwa adimu baada ya vita. Matrekta wakaokoteza kwenye mabaki ya jeshi, mengine yakatoka mpaka Ufilipino. Vifaru vya vita aina ya Sherman navyo vikageuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Hebu fikiria kifaru kinalima karanga. Udongo wa Kongwa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji, umejaa chenga kali zinazolamba chuma cha jembe, na mvua nazo hazikuja walivyozipanga. Mwaka 1951 mpango ulifungwa na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Nilipomwandikia shemeji habari hii, alijibu kwamba wale hawakuwa na matrekta yanayovuta kwa magurudumu manne. Kifaru hakina hata gurudumu moja la kukanyagia chini, kinatembea kwa minyororo. Nikaweka simu chaji.

Baba mdogo, ambaye hupenda kuwa msuluhishi, akashauri basi tununue pawatila. Huyu naye! Si kila dogo linafaa shamba dogo. Kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zililetwa nchini kwa wingi. Ni mashine nzuri kwenye majaruba ya mpunga, kama ya Magugu, ambako chini ni tambarare na udongo umelowa. Ilete Bonga kwenye ardhi kavu uone. Inarukaruka, inakwaruza juu, na anayeishika jioni hawezi kuinua kikombe cha chai. Pawatila nyingi ziliishia kufungwa trela zikabeba mchanga, maji na wanakwaya. Kama familia inataka usafiri wa kwaya iseme, tutachanga.

Anayenielewa ni baba mkwe. Yeye ana maksai wawili na plau yao. Wakiamka vizuri wanamaliza nusu ekari kwa siku, wakiamka vizuri sana wanakaribia ekari. Wanageuka juu ya kinga maji bila kulibomoa, mafuta yao ni majani, na hakuna benki inayowajua kwa jina. Shida ni muda tu, kwa sababu mvua ikianza, nusu ekari kwa siku inakuacha nyuma.

Ndiyo maana tunakodi, na kukodi ndiko kunakonizeesha. Mvua ya kwanza ikidondoka, matrekta yote ya Babati yanaitwa siku moja. Mwenye trekta anaanza na mashamba yake, anafuata ya wakwe zake, kisha ya matajiri wenye ekari hamsini zilizonyooka. Sisi wa vipande vitatu tunaambiwa “kesho mapema”. Akifika, anaanza kupima. Ekari kwa vipimo vyetu ni hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho si cha kubahatisha: ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kinachotakiwa ni hatua ya yadi nzima. Madereva wetu wakishuka kwenye trekta wanatembea kama maharusi. Ekari zetu sita huwa zinapimwa zinafika saba, na msimu tuliopewa dereva mfupi zilikaribia nane. Ukubwa wa trekta watu wanaujadili mpaka usiku, urefu wa miguu ya dereva hakuna anayeujadili.

Kama kununua ni lazima, nimeshasema kwenye kundi la familia na narudia hapa. Tuungane na majirani mpaka ekari zifike 60 au 80. Tuchukue trekta moja la farasi 50, la kawaida, lenye plau ya diski tatu, trela na mashine ya kupukuchua, ili likimaliza kulima libebe mavuno na likimaliza kubeba lipukuchue. Hapo litapata kazi ya kulilisha. Wote walikubali isipokuwa kwenye mambo mawili: mume wangu anataka uenyekiti, na shemeji anataka jina lake liandikwe mbele ya trekta. Kikao kikavunjika.

Kwa hiyo shemeji, wewe unayesoma safu hii kuliko unavyosoma ujumbe wangu, ile fedha ya malipo ya awali usiipeleke kwa muuzaji. Mnunulie Baba plau mpya ya maksai, nyingine nitumie ya kukodi. Na wewe msomaji mwenye trekta la farasi 50 na dereva yeyote, mrefu kwa mfupi, pitia Bonga kabla mvua za Novemba hazijashika. Ekari ni sita, na kamba ya kupimia ninayo mwenyewe.