Ukitaka Kuandika Vijana Wenye Nguvu za Ajabu, Shukia Puge

Panda basi la Tabora pale Nzega, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Puge, maana dereva ana haraka zake. Ni kama nusu ya njia: kilomita 59 hivi kutoka Nzega, na 56 zilizobaki kufika Tabora. Shuka na daftari. Zile riwaya za mfululizo ulizoazima, za vijana wa Marekani wanaosoma mawazo ya wenzao na kupendana na vampaya, ziache begini. Nimezisoma na nimezipenda. Ila nina hamu kubwa ya mfululizo unaonukia michembe na matobolwa, na naamini atakayeuandika ni kijana wa huku.

Kwanza tafuta mhusika. Usihangaike kumpiga mtu na radi au kulipua maabara ili apate nguvu; ingia kijijini uulize nani pacha. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na kwa Wanyamwezi na Wasukuma kuzaliwa kwao kulikuwa jambo zito lenye dawa, ngoma na tambiko. Mwandishi mvivu atawachukua hao wawili na kufunga daftari. Wewe subiri atoke Shija, mtoto aliyezaliwa baada yao. Huyo hakuchezewa ngoma kama wao, lakini amebeba jina linalowatangaza wengine kila anapoitwa. Mpe miaka kumi na minne na ndoo ya maji kichwani. Tayari una kitabu cha kwanza.

Sasa nguvu. Nguvu isiyo na mwiko haina hadithi, na huku mwiko hauhitaji kubuniwa. Wayeye, chama cha wacheza nyoka cha Unyamwezini na Usukumani, hawakupewa ujuzi wao usingizini. Mtu aliingizwa chamani, akafundishwa mizizi na dawa za sumu, akatunza siri. Mwache Shija afundishwe hivyo, polepole, akosee, aumwe kidole. Na ukitaka kuona nguvu inavyomtesa anayeipokea, tafuta Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotoka 1977: kijana anaachiwa uchawi na baba yake kama mwingine anavyoachiwa ng'ombe. Inanisikitisha kwamba kijana wa leo anamjua Harry Potter na hajawahi kukishika kitabu hicho.

Mandhari nayo ipo chini ya miguu yako. Nchi hii ilitembewa kwa miguu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, miezi na miezi. Ukihitaji jeshi la vijana, lilikuwepo. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884, alimweleza Stanley walipokutana mwaka 1876 kwamba vitani huwapenda vijana wadogo: macho yao ni makali, na hawana wake wa kuwakumbuka. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Watu waliamini mtemi ana dawa, na huenda vijana wale waliamini kuliko wote, lakini waliokufa walikuwa watoto wa watu. Mfululizo wako ukiwa na vita, na utakuwa navyo, hesabu maiti zake. Na ukitaka mwisho wa kishindo usikope kwenye filamu: Januari 1893 Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipoingia, asikamatwe akiwa hai.

Limebaki suala la adui, na hapa nakuomba uweke kalamu chini unisikilize.

Usimfanye adui bibi kizee mwenye macho mekundu. Najua mkono utakupeleka huko, kwa sababu tumesikia hadithi hiyo tangu utotoni. Macho ya bibi yule yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu, miaka hamsini akipika ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Kwa wekundu huo wanawake wazee wameuawa kwa mapanga katika mikoa yetu, baada ya mpiga ramli kumtaja mtu na jirani kuamini. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na moja ya sababu ilikuwa mauaji ya watu wenye ualbino. Msomaji wako wa Puge hasomi mambo ya kufikirika tu. Anaweza kufunga kitabu, akatoka nje, akamtazama jirani.

Nnedi Okorafor, katika Akata Witch ya mwaka 2011, alimpa nguvu Sunny, binti mwenye ualbino anayeishi Nigeria, na alifanya vizuri sana. Wewe wa huku usimwige hapo. Mhusika wako mwenye ualbino avae kofia pana, apake mafuta ya kuzuia jua, awashinde wenzake hesabu, agombane na Doto kwa sababu ya embe. Asiponye wala asilete utajiri, hata kwa wema. Hapa kwetu kuna watu waliokatwa viungo kwa sababu mtu fulani aliamini miili yao ina bahati.

Adui mzuri unaye. Ni yule anayefika kijijini kwa pikipiki na kibuyu, anakusanya fedha nyumba kwa nyumba, kisha anamwonyesha kidole mama wa mtu. Mpe sauti tamu na viatu vilivyong'arishwa. Mwache Shija amwogope kweli, vitabu viwili vizima, kabla hajamjibu.

Ukimaliza sura ya kwanza, rudi Puge. Mtafute bibi mmoja aliyeketi jikoni kwake, mwamkie vizuri, umsaidie kuchochea moto, kisha msomee kwa sauti yote uliyoandika. Akicheka, anza sura ya pili. Akinyamaza, iandike upya.