Saba Kurudi Moja: Paka Wako na Mkojo Wake

Nandagala, wilayani Ruangwa, ni nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2015, kwa hiyo kata hii haikukosa wa kuisemea. Wasio na msemaji ni paka wa hapa. Wanalinda ufuta, wanalinda mbaazi, wanalinda mahindi ya kwenye kihenge, na siku mmoja akishindwa kukojoa tunasema "kala kitu huyo" na maisha yanaendelea. Mjomba wangu, mwenye paka watatu na maoni thelathini kwa kila paka, ameniruhusu kutoa orodha hii kwa sharti moja: naye ajibu.

7. Choo

Paka wa kijijini ana shamba zima la mikorosho, hana shida. Wa kumhurumia ni yule aliyepelekwa Dar es Salaam kwa basi, akafungiwa kwenye chumba cha kupanga. Huyo anahitaji beseni la mchanga, lisafishwe kila siku, maana choo kikinuka atabana. Madaktari wa wanyama wanashauri mabeseni yazidi idadi ya paka kwa moja.

"Paka watatu, mabeseni manne?" Mjomba kashtuka. "Sisi watu tisa tuna shimo moja!"

6. Unene

Dume mnene, anayelala mchana kutwa na kula chakula kikavu, yuko hatarini zaidi. Watu husingizia kuhasiwa, lakini kinachofuata baada ya kuhasiwa ni uvivu na kitambi, na hapo ndipo pa kuangalia.

"Wa kwangu wamekonda." Tumeshawaona, Mjomba. Tuendelee.

5. Sabufa

Hii wengi hawaiamini. Paka ambaye hajafika miaka kumi akianza kukojoa kwa shida, mara nyingi hakuna mdudu yeyote kwenye mkojo. Kibofu kimevimba tu, na wasiwasi ni miongoni mwa vinavyokichochea. Sasa piga hesabu za kwetu. RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kimepiga mnada wa korosho, fedha zimeingia, na jioni ileile nyumba ina sabufa, wageni, na mbuzi mpya kafungwa pale paka alipozoea kulala. Au ni msimu wa jando na unyago, ngoma usiku kucha. Mtengee pa kujificha, nyuma ya magunia au juu darini, na chakula chake kisibadilishwe saa.

Mjomba kafikiri kidogo. "Kumbe na mimi nina kibofu cha paka."

4. Dagaa

Dagaa mkavu ni mtamu, lakini ni mifupa mitupu yenye madini, na maji hana. Mkojo ukikolea, magnesiamu na fosforasi hugandamana kuwa chembe ngumu, changarawe ya kibofuni. Usimnyime paka dagaa; waloweke dagaa kwanza, uwachemshe, umpe paka pamoja na maji yake. Ng'onda mwenye chumvi mleni wenyewe.

Panya mbichi, kwa upande mwingine, ni maji kwa karibu theluthi mbili ya uzito wake. Paka anayewinda anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja. Ila ukishaweka sumu ya panya nyumbani, usimtume paka kazini. Atakula ushahidi.

3. Panadoli

Hapa sitanii. Usimpe. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka mzima. Diklofenaki nayo ikae mbali. Na ile sindano ya antibiotiki, "OTC" ya mbuzi, ambayo kila mwenye bomba anataka kuichoma? Paka kijana mara nyingi hana bakteria wa kuuawa. Ni paka wazee ndio hupata maambukizi zaidi, na hao nao wapimwe mkojo kwanza.

Mjomba kanyamaza. Sijapenda alivyonyamaza.

2. Maji

Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947, uliopangwa London huku mvua ikiwa na mpango wake. Ulivunjwa 1951. Kumfuga paka bila kufikiria maji ni mradi wa aina hiyohiyo.

Asili ya paka ni jangwani. Figo zake zinajua kubana maji, na kiu yake ni ndogo kiasi kwamba hawezi kunywa vya kutosha akila vikavu. Paka wa kilo nne anahitaji kama mililita 200 kwa siku, chakula na kinywaji kwa pamoja. Hicho ni kikombe kimoja cha chai. Najua kiangazi chetu, maji yanahesabiwa kwa dumu na aliyebeba ni mama. Lakini kikombe kimoja!

Weka chombo kipana, mbali na anapokula na mbali zaidi na anapokojoa. Kigae cha mtungi uliovunjika kinafaa sana, maji hukaa ya baridi. Kopo la dawa ya mikorosho halifai hata likioshwa mara mia. Badilisha maji kila siku. Akigoma, mpe supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake. Maziwa hayamo kwenye hesabu, paka wengi wakubwa huwaharisha.

"Na akinywa kwenye diaba langu la kuogea?" Mshukuru Mungu, Mjomba, kisha uoge.

1. Dume anayekakamuka, tone halitoki

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba zaidi kuliko wa jike, hivyo chembe ndogo au ute vinatosha kuuziba. Utamwona anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena, analia, anajilamba chini bila kukoma. Wengi wetu tunadhani kafunga choo, tunamnywesha mafuta. Chungulia mchanga: umelowa? Kama ni mkavu, usisubiri asubuhi. Potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Usimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka.

Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi, hata kama kazi yake ni ng'ombe na kuku, akuunganishe na daktari wa mifugo wa wilaya, Ruangwa au Nachingwea. Dume huyu anahitaji kuwekewa mpira wa mkojo, tena akiwa amelazwa kwa dawa. Mtie kwenye tenga la kuku, funika kwa khanga, ondokeni.

Mjomba anauliza bodaboda atatoza abiria mmoja au wawili. Hilo mmalizane naye njiani.