Jinsi ya Kuibia Mtihani wa Nahodha

Mtihani wenyewe ni huu. Umekalia kiti cha nahodha wa chombo cha angani. Wito unakufikia kutoka mbali: meli iitwayo Kobayashi Maru imekwama, mitambo imezimika, ndani mna mabaharia 81 na abiria wapatao 300. Imekwama katika eneo ambalo mkataba unakukataza kuingia. Ukiiacha, wote wanakufa. Ukiifuata, adui anakuzingira na unaangamia pamoja na watu wako. Watazamaji waliuona mtihani huo katika filamu ya Star Trek ya mwaka 1982. Hauna jibu, maana kinachopimwa ni moyo wa nahodha mbele ya kifo. Aliyeufaulu ni mhusika James Kirk peke yake, na aliufaulu kwa wizi: kabla ya siku ya mtihani aliibadilisha programu ya kompyuta, meli ikawa inaokoleka.

Mwongozo huu unafundisha wizi huohuo kwa matumizi ya Ziwa Victoria. Ndio wizi pekee wa mtihani ambao ningependa ufundishwe shuleni, kuanzia Ukerewe hadi Bukoba.

Kama mwanafunzi yeyote mwenye akili, anza na mitihani iliyopita. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilikuwa inakaribia Mwanza ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Ikapinduka. Haikuzama papo hapo. Ilibaki kichwa chini, tumbo likiwa juu ya maji, na waliofika kuokoa walisikia watu waliokwama ndani wakigonga chuma. Sasa shika kalamu ujibu. Hewa iliyonaswa humo ndiyo inayowapa watu pumzi, na ndiyo hiyohiyo inayoifanya meli ielee. Usipotoboa, pumzi inawaishia. Ukitoboa, hewa inatoka na maji yanapanda. Walitoboa, na meli ikaenda chini. Inakadiriwa watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Wengi wamezikwa Igoma.

Sikubali waliotoboa walaumiwe. Mtu anayesikia ngumi za wenzake upande wa pili wa bati hawezi kukaa akipiga hesabu za hewa. Waliitwa mtihanini wakati karatasi imeshafungwa.

Kwa hiyo usitafute jibu juu ya tumbo la meli. Lilikuwa Bukoba na Kemondo, jioni ya kuamkia siku ile. Meli ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu, wanakopanda wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Mtihani ulitungwa gatini, tiketi baada ya tiketi, na kila aliyesema "twende hivyo hivyo" aliongeza swali.

Iba hapo. Hesabu vichwa, usihesabu tiketi: mtoto aliye mgongoni ni kichwa, na utingo aliyelala juu ya magunia ni kichwa. Mzigo mzito ukae chini na ufungwe, kwa sababu uzito ukiwa juu, chombo kikilala upande hakina nguvu ya kuinuka tena. Majaketi okozi yakae mahali ambapo mkono wa abiria unafika, si kabatini chini ya kufuli. Nahodha anayegoma kung'oa nanga mpaka watu washuke asiitwe mkorofi. Huyo ameshaubadilisha mtihani kabla haujaanza, na mwajiri wake anapaswa kumlinda.

Mtihani wa pili ni wa tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugorora. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220, wakaokolewa 41. Miaka 22 ilikuwa imepita na swali lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Mtihani uliovuja hivyo, tukiufeli mara ya pili, hatuna pa kujificha. Rais Magufuli alieleza kwamba nahodha hakuwemo na usukani alikuwa amemwachia mtu asiye na mafunzo. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, alikokuwa amepata hewa kidogo ndani ya kivuko kilichopinduka. Basi wazamiaji waliofunzwa na vifaa vyao wakae huku ziwani mwaka mzima. Mwaka 1996 tulisaidiwa na wazamiaji kutoka Afrika Kusini, nao walikuja kutoa miili.

Ukikosa muda wa kusoma kitu kingine, soma habari za wavuvi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia kuifikia kwa mitumbwi yao. Walionusurika ni 24. Ziwa hili lina waokoaji kila mwalo, usiku na mchana, na hatujawapa hata kamba ya maana. Wapeni mafunzo, majaketi, simu ya upepo na posho ya siku za mazoezi. Sijui matumizi bora zaidi ya fedha za umma katika mikoa hii.

Kuna njia nyingine ya kuiba, ambayo ni kuufuta mtihani: tangu Juni 2025 anayetoka Kigongo kwenda Busisi anapita juu ya daraja la kilomita 3. Lakini Ukara hakuna daraja, wala Irugwa. Huko chombo cha majini ndicho barabara, ndicho gari la wagonjwa, ndicho njia ya sokoni.

Basi wewe unayesafiri kesho, ukifika gatini uliza chombo kimeandikwa abiria wangapi, na wameshaingia wangapi. Wakizidi, usipande, hata kama gulio linakuacha na nauli umeshalipa. Mshike mkono na mwenzako aliye nyuma yako, umwambie naye asipande.