Kuhusu Kutopatikana kwa Mtu Aliyepo

Miongoni mwa fedheha zinazompata mkazi wa Mbagala, Chamazi au Bunju, hakuna inayochoma kama ya kutangazwa kuwa hapatikani wakati simu ameishika mkononi, imejaa chaji, na vijiti vyote vya mtandao vimesimama. Anayetangaza ni sauti ya kike iliyorekodiwa, yenye matamshi safi na adabu isiyo na dosari, nayo huaminiwa na ndugu, wakwe na waajiri kuliko kiapo cha mhusika mwenyewe. Wahandisi hulihesabu tukio hilo kuwa hitilafu. Ukoo hulihesabu kuwa tabia.

Mfano unaostahili kuchunguzwa kwa kina ni wa posa iliyokwama Charambe, Jumamosi moja alasiri, ambayo kidonda chake bado ni kibichi. Washenga walitoka Tegeta, hawaijui nyumba, na walikuwa wameagizwa kwamba wakishafika Mbagala Rangi Tatu wapige simu ili waelekezwe. Walipiga, namba haikupatikana. Wakapiga tena, hali ikawa ileile. Wakasimama juani na barua ya posa iliyofungwa katika kitambaa, wakiulizwa na kila bodaboda wanakwenda wapi, swali ambalo ndilo hasa walilokosa jibu lake. Muda huohuo baba mdogo wa binti, aliyekabidhiwa jukumu la kuwapokea, alikuwa ameketi barazani na kanzu iliyopigwa pasi, akitazama video za taarabu ili kuua muda, na asiloliona kuwa la maana ni kwamba mara kwa mara video iliganda, kiduara kikazunguka, kisha ikaendelea. Kila kuganda huko, kwa uwezekano mkubwa, kulikuwa ni simu ya washenga ikifika mlangoni na kurudishwa. Jioni washenga walirudi Tegeta, pilau ikapoa, na shangazi akatoa hukumu mbele ya wazee wote: “Kazima simu huyu. Mtandao hauna ugomvi na mtu.”

Ili kuelewa ni kwa nini hukumu hiyo haikuwa ya haki, yafaa ifahamike kwamba simu iliyotulia mfukoni haifuatwi na mtandao hatua kwa hatua. Mitambo hujua tu kwamba simu hiyo ipo katika eneo fulani lenye minara mingi, na inapopigwa, minara yote ya eneo hilo huinadi kwa pamoja, kama vipaza sauti vya msikiti vinavyotangaza mtoto aliyepotea, hadi simu yenyewe iitikie. Hapo ndipo mambo huanza kuwa magumu, kwa sababu 4G iliundwa kwa ajili ya kusafirisha data, na mazungumzo ya sauti hupita humo pale tu ambapo simu na laini vyote vimewezeshwa kufanya hivyo. Visipowezeshwa, simu hulazimika kuiacha 4G ghafla, ishuke kwenye 3G au 2G, ijitambulishe upya na kuomba nafasi ya kuzungumza, yote hayo katika sekunde chache ambazo mpigaji anasikia ukimya. Vijiti vinavyoonekana kwenye kioo ni ushahidi wa ngazi ya juu simu ilipokaa, wala havisemi lolote kuhusu msongamano wa ngazi ya chini inakotakiwa kushuka. Kwenye 2G wimbi moja la mnara hugawanywa katika vipande vinane vya muda, kimoja kikatengwa kwa maelekezo ya mtandao, vikabaki saba, yaani kwa kawaida watu saba tu ndio wanaoweza kuzungumza kwa wakati mmoja; na ingawa mnara huwa na mawimbi kadhaa, Charambe ina watu wengi kuliko ramani ya mhandisi ilivyowahi kudhani.

Hesabu ya msongamano huo ni ya zamani kuliko simu za mkononi zenyewe. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni inayokadiria ni simu ngapi zitakataliwa kwa idadi fulani ya njia, na kipimo cha wingi wa mazungumzo hadi leo hubeba jina lake. Kanuni hiyo ni nzuri mno, ila imejengwa juu ya dhana kwamba mtu aliyekosa njia huikata simu na kwenda zake. Ni wazi kwamba Erlang hakuwahi kumwona mshenga. Mtu wa Temeke akikosa hupiga papo hapo, kisha humpa mwenzake naye ajaribu kwa laini nyingine, na kwa njia hiyo msongamano hujilisha wenyewe. Balaa huzidi pale pande mbili zinapopigiana kwa sekunde ileile, ambapo kila mmoja huambiwa kuwa mwenzake anatumika, na kila mmoja huanza kujiuliza anatumika na nani.

Utetezi ulikuwepo, laiti shangazi angeutafuta. Simu inapozimwa kwa kawaida, huuaga mtandao kabla ya kufa, na kwa hiyo mpigaji husikia tangazo karibu mara moja; simu iliyopotelea nyuma ya kuta na mabati, au iliyokwama katika kushuka, huacha kwanza ukimya wa sekunde kadhaa wakati mitambo ikiendelea kuinadi. Aliyewauliza washenga kama walisubiri kabla ya kusikia ile sauti hakuwepo.

Mitambo yenyewe inaijua sababu. Viwango vya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano huipa kila simu iliyoshindwa namba ya sababu: 17 ni anayetumika, 20 ni asiyepatikana, 34 ni kukosekana kwa njia. Mpigaji, ambaye ndiye mlipaji, mara nyingi hupewa sentensi ileile ya adabu, na mzigo wa 34 hubebeshwa mtu wa 20. Katika nchi ambayo kila laini ilitakiwa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole ifikapo tarehe 20 Januari 2020, inashangaza kwamba mtandao unamtambua mteja hadi kidole gumba lakini hauwezi kumwambia shangazi yake kwamba mnara umejaa.

Tiba zipo, nazo ni ndogo: kuwasha hali ya ndege na kuizima ili simu ijisajili upya, kuishusha simu kwenye 3G siku ya shughuli, kubonyeza ##002# ili kufuta uhamishaji wa simu, na kukagua orodha ya namba zilizozuiwa, ambamo wakwe hupatikana zaidi ya inavyotarajiwa. Asiyezijua huumia: fundi bomba wa Yombo alikosa kazi kwa kutangazwa kuwa hapatikani. Mwalimu wa Wazo alikosa usaili vilevile. Na dakika za bando la siku walizoshindwa kuzitumia hufutwa muda wake unapoisha, kisha ujumbe wa kuwaarifu hufika papo hapo, kwa jaribio la kwanza.