Katika Kuusifu Muhuri

Mwaka 1509 Erasmus wa Rotterdam, akiwa mgeni nyumbani kwa rafiki yake Thomas More huko London, aliandika kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Kilichapwa mwaka 1511 na watu wanakisoma hadi leo. Karibu karne tano baadaye Ulaya ilitafuta jina la kuupa mpango wake wa kuwapeleka wanafunzi kusoma nchi za jirani, ikachagua lake. Mwaka 2004 ukaanza pia Erasmus Mundus, unaowafadhili hata watoto wa Kigoma na Tanga wakasome shahada ya uzamili katika vyuo viwili au vitatu vya nchi mbalimbali. Ni haki basi kwamba anayeomba nafasi hiyo amwige mwenye jina: achague kitu kinachodharauliwa, akisifu kwa moyo mkunjufu. Mimi nimeuchagua muhuri.

Nausema muhuri wa mpira, ule unaolala juu ya meza ya wakili kando ya pedi ya wino. Wengi huusema vibaya. Wanadai unakula fedha na muda, na kwamba dunia ya leo haiuhitaji. Watu hawa hawajatafakari ni nani mwingine anayeaminika Dar es Salaam na Leuven kwa kiwango kilekile. Profesa haaminiki. Barua yake ya mapendekezo, hata akiiandika kwa Kiingereza cha kupigiwa mfano, bila muhuri wa idara huonekana ni maoni ya mtu tu. Na muhuri wenyewe profesa hakai nao. Unakaa kwenye droo ya katibu muhtasi, droo ina ufunguo, na katibu muhtasi amekwenda msibani Singida. Hapo mwombaji hugundua mamlaka ya chuo yanakaa wapi hasa, somo ambalo miaka yote ya shahada ya kwanza haikulifundisha.

Utazame ukiwa kazini. Kijana anapanda ngazi hadi kwa wakili, juu ya duka la dawa, bahasha ya kaki kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Orijino ziko wapi?"

Anazitoa: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na transkripti. Mzee anaziangalia, anaziangalia kopi zilizotoka stesheneri, anagonga, anasaini. Karatasi ambayo dakika moja iliyopita ingeweza kufungia karanga sasa inaweza kusimama mahakamani. Na uone adabu ya muhuri: unashuhudia kwamba nakala inafanana na asili yake, basi. Kama asili ni ya kweli au ya kughushi, hilo haukuulizwa, nao haujibu lisiloulizwa. Laiti wajumbe wa kamati zetu wangekuwa hivyo.

Sifa yake kubwa zaidi, kwangu, ni upatanishi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana. Mwalimu wa shule ya msingi aliandika Johana, Baraza la Mitihani likarithi kosa lake, na ofisa wa pasipoti, kwa nia njema kabisa, akaandika John. Vyuo vitatu katika nchi tatu vitapokea faili la vijana watatu wanaogombea ufadhili mmoja. Tena kwetu jina la tatu ni la babu, ilhali fomu inataka jina la ukoo, na kuna wanaolijaza jina la baba mahali pasipo pake wakazua mtu wa nne. Wafanyeje? Kiapo mbele ya wakili, aya nne za Kiingereza kizito kilichoanza kutumika kabla ya uhuru, muhuri chini. Watatu wanakuwa mmoja. Wanatheolojia walibishana karne nyingi juu ya jambo la namna hiyo. Muhuri hulimaliza kabla ya saa sita mchana.

Ni mwadilifu pia, kwa sababu haujui hesabu. Vyuo vyetu Tanzania hupima kwa tano: ukipata 4.4 una daraja la kwanza, mtaa mzima unajua. Ujerumani 1.0 ndiyo alama bora na 4.0 ndiyo ya kuponea chupuchupu. Kuna kanuni ya kugeuzia, na 4.4 yetu ikipitishwa humo, ukihesabu kwamba 2.0 ndiyo alama yetu ya chini ya kufaulu, inatoka 1.6. Mfaransa naye anahesabu kwa 20, Mwitaliano anaipa shahada alama hadi 110. Mama akisikia mwanawe ameshuka kutoka 4.4 hadi 1.6 hata kabla ya kupanda ndege, ana haki ya kuanza dua. Muhuri hautikisiki. Unagongwa kwa nguvu ileile juu ya transkripti ya 4.4 na ya 2.1, wala haumuulizi mtu kwa nini alirudia takwimu.

Halafu lugha. Kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi shahada anatakiwa athibitishe kwamba anakijua, kwa mtihani wa kulipia, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili, kana kwamba Kiingereza ni maziwa nacho huchacha. Wengine huokolewa na barua ya chuo inayosema kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza, kwa kozi zinazoikubali. Na barua hiyo, huna haja ya kuambiwa, ina nini pale chini kulia. Erasmus mwenyewe alichukua udaktari wake wa theolojia huko Turin mwaka 1506, baada ya kukaa majuma machache tu, wala hakuna aliyempima Kiitaliano chake. Wasomi wa Ulaya nzima walielewana kwa Kilatini. Sisi tuna muhuri, na muhuri hauna minyambuliko.

Kozi nyingine hutaka uthibitisho wa makazi. Sisi hatuna shida, tuna serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika YAH: UTAMBULISHO, kwamba anamfahamu fulani, ni mkazi wa mtaa wake, hana tatizo lolote, apewe ushirikiano. Anagonga. Barua iko kwa Kiswahili, kwa hiyo inapelekwa kutafsiriwa, pengine BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967 likiwa na mambo makubwa ya taifa kichwani, nako inapata muhuri wa pili: wa kwanza unashuhudia mtaa, wa pili unashuhudia lugha. Kisha ofisa wa udahili huko Bologna anasoma, kwa Kiingereza fasaha, kwamba mtu wa Mbagala hana tatizo lolote. Hakuna balozi wa Kiswahili aliyefika mbali hivyo kwa nauli ndogo kama hiyo.

Watasema yote sasa ni kwa mtandao. Ndiyo, na hapo ndipo muhuri ulipoonyesha uvumilivu wake. Kozi nyingi hufunga dirisha la maombi Januari, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Ulaya ya Kati, yaani saa saba na dakika 59 usiku kwetu. Saa saba na nusu kijana yumo katika kupunguza ukubwa wa faili, kwa kuwa mfumo umelikataa. Analipunguza. Umekataa. Analipunguza tena, hadi jina la wakili halisomeki, namba ya sanduku la posta haisomeki, tarehe imeyeyuka, umebaki mduara wa bluu peke yake. Mfumo unalipokea. Kumbe maandishi yalikuwa mapambo siku zote. Kilichohitajika ni mduara, na wino uwe wa bluu.

Ufadhili wenyewe nitaupitia haraka, maana kila mtu anaujua kwa moyo: yuro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Wanaopata ni wachache kuliko wanaoomba, na wasiopata hubaki na bahasha ya nakala zilizothibitishwa, ambazo tangazo la ajira la mwezi ujao nalo litazitaka, ila ziwe na muhuri usiozidi miezi michache.

Na anayepata? Miaka miwili baadaye anarudi. Kama kozi yake ilikuwa ya shahada ya pamoja, ana cheti kimoja chenye nembo za vyuo vyote. Kama ilikuwa ya shahada pacha, ana vyeti viwili, huenda kimoja kwa Kiitaliano na kingine kwa Kifaransa. Mwajiri anavipenda sana. Anamwomba tu avipeleke Tume ya Vyuo Vikuu vikatambuliwe, vikiwa na tafsiri, transkripti za vyuo vyote viwili, na nakala za vyote hivyo zilizothibitishwa. Wakili bado yuko palepale juu ya duka la dawa, naye hutoza kwa nakala.