Habari za Kuambiwa

Mke wangu ana sharti moja redio ikiwa wazi: nisiseme neno mpaka wimbo uishe. Sharti lililetwa na Paul Young. Siku hiyo mwenzangu alikuwa anakaanga samaki huku akifuatisha ule wimbo uliompa Paul Young namba moja Uingereza mwaka 1983, raha imemjaa, nami nikaingia jikoni kumfahamisha kwamba mwenyewe ni Marvin Gaye, tena kampuni yake ya Motown iliubandika upande wa pili wa santuri, kule wanakoweka nyimbo zisizotarajiwa kufika popote. Kabla samaki hajageuzwa nilikuwa nimeshampitia Phil Collins na wimbo wa Supremes wa 1966, nikafika kwa Soft Cell, vijana wawili wa Leeds waliotamba 1981 na wimbo ambao Gloria Jones aliuimba katikati ya miaka ya 60, Marekani isimjali. Samaki waliungua. Uhusiano siuoni hadi leo, lakini huwa nanyamaza.

Na kunyamaza ni kazi, hasa ukiwa unaishi Manchester. Pop ya Uingereza huwezi kuisikiliza dakika kumi bila kukuta deni la Marekani ndani yake. Beatles wenyewe, kwenye albamu yao ya pili ya 1963, walichukua nyimbo tatu za Motown. Sizungumzi kwa kuwalaumu. Mkopaji nampenda na mkopeshaji nampenda. Na Waingereza angalau walimheshimu aliyewakopesha: mwaka 1965 Dusty Springfield, akiwa nyota wa kwao, alisimama kwenye televisheni kuwatambulisha wasanii wa Motown kwa nchi nzima. Ila pana vitu havikopesheki. James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alikuwa akizichokoa nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na hicho kidole kimoja kinatembea, kinasita, kinaruka, mpaka unamsahau anayeimba. Sikiliza wimbo wa Collins halafu sikiliza wa Supremes. Kwa Collins kila kitu kipo isipokuwa kidole.

Huku kaskazini mwa Uingereza mapenzi ya soul yalipita kiasi. Pale Wigan, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, kulikuwa na ukumbi uitwao Wigan Casino. Kuanzia 1973 hadi 1981 watoto wa wafanyakazi walikuwa wakijaa humo kucheza mpaka asubuhi, bila hata pombe, nyimbo za Wamarekani ambao kwao hakuna aliyewajua. Santuri ilivyozidi kudoda Marekani ndivyo ilivyozidi kutafutwa Wigan. Madijei walificha majina kwenye lebo ili wenzao wasiipate: wimbo wa Frank Wilson ulipigwa kwa jina la Eddie Foster, na mwaka 2009 nakala moja ya santuri hiyo iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Bei hiyo nimemficha mke wangu kama madijei walivyomficha Wilson.

Casino haipo tena, lakini usiku wa namna ile bado unafanyika kumbi za huku, na waliokuwa vijana sasa wana wajukuu tele. Utamwona babu anatoa kopo la poda mfukoni, anainyunyiza kwenye sakafu ya mbao, anaisambaza kwa soli ya ngozi, kisha anazunguka kama pia. Ukicheza karibu naye, poda ile huwezi kuikwepa. Safari moja nilirudi alfajiri nikamkuta mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, ameamka kuswali. Suruali yangu nyeupe mpaka magotini.

“Baba, hicho nini?”

Nikasema poda.

“Ya nani?”

Nikasema ya wazee wa kizungu, wanaimwaga chini halafu tunacheza. Hakuuliza zaidi. Mchana nikamsikia akimnong’oneza binti yake kwamba hata Tanga vijana wengi wazuri wamepotea hivihivi, kwa unga.

Lakini hayo madogo. Makubwa yalikuwa kwenye harusi ya binti wa binamu yangu. Maharusi wanaingia, vigelegele vimepamba moto, na dijei, sijui ni kwa kupenda au kwa kubahatisha, akaweka “I Heard It Through the Grapevine”. Kinanda kikaanza kunyemelea. Nilikuwa na mengi ya kusema: kwamba Gladys Knight aliutoa kwanza, 1967, kwamba wa Marvin Gaye ulikuwa umesharekodiwa, bosi wa Motown akaukataa, ukaja kutoka 1968 na kukaa namba moja Marekani wiki saba. Nikayameza yote. Nilikuwa nimejifunza.

Tatizo ni shangazi, bibi yake bi harusi, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu, chini ya spika.

“Mwanangu, huyu anaimba nini? Sauti yake ya huzuni.”

Shangazi akiuliza, anajibiwa. Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti: kaambiwa na watu kwamba mchumba wake ana mwingine.

“Nani?”

“Huyu!” nikasema, nikimwonyesha spika. Mbele ya spika, wakati huohuo, alikuwa anapita bwana harusi.

Shangazi hakusema kitu. Alijifunga mtandio vizuri, akahamia meza ya pili. Kutoka pale nilikuwa naona vichwa tu vinavyoinamiana, meza hadi meza, kuelekea jikoni. Pilau ilipofika, bwana harusi alikuwa na mke Birmingham. Kwenye juisi, mke amehamia Muscat na ana watoto wawili, mkubwa amefanana na baba mtupu. Haya sikuyatafuta: aliniletea mjomba, akivuta kiti karibu, akaniapisha nisimwambie mtu.

“Mjomba,” nikamwambia, “hayo maneno ni ya Marvin Gaye.”

Akageuka kuutazama ukumbi. “Yuko meza gani?”

“Hayupo. Marvin alifariki 1984.”

“Inna lillahi,” akasema mjomba, akavua kofia. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kama upande wa bwana harusi wameshapewa taarifa ya msiba.