Namna ya Kupata Nyumba Vugiri Bila Ndoa, Bila Mshahara na Bila Kutulia

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye akitaja nyumba mbele ya ndugu zake huulizwa "ya nini?" kabla hajamaliza kusema. Ni wa mwanamke asiyeolewa na asiye na haraka ya kuolewa. Ni wa mchuma chai anayelala nyumba ya kampuni, wa utingo anayekunywa chai Segera asubuhi na kulala asikokujua, wa mchimbaji mdogo wa Magambazi kule Handeni ambaye mwezi huu ana milioni na mwezi ujao anakopa unga dukani. Ni pia wa wawili wanaoishi pamoja miaka nenda rudi bila kupita kwa shehe wala kwa padri. Wenye vyeti vya ndoa na hati za mshahara wasome wakipenda, lakini wao milango yao ilishafunguliwa.

Kwanza, futa benki kichwani. Tanzania ina Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008, na tangu 2010 ipo kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za kukopesha wanaonunua nyumba. Kwa miaka mingi riba imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, na mezani unadaiwa hati ya mshahara na hati ya kiwanja. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo anazo mbili tu, mikono yake. Usiteketeze nauli ya kushuka Korogwe kwenda kuambiwa usilolijua. Fedha ikiingia, igeuze mali inayokaa siku hiyohiyo: tofali, bati, misumari, nondo. Mchimbaji hasa namwomba afanye hivi kabla hajalala. Tofali haikopeshwi kwa shemeji, wala haiombwi na rafiki wa baa. Na kwa kuwa Vugiri iko juu Usambara, saruji ipandishe kabla ya masika. Barabara ikishalowa, nauli ya mfuko mmoja itakuchekesha kwa uchungu.

Pili, nyumba ya kampuni usiipende. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu jambo hili limeumiza watu wengi mno katika nchi hii ya chai juu na mkonge chini. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Waliozikata walikuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, na watoto wao, waliotoka Kigoma, Songea, Umakondeni, hata Burundi, wakawekwa kambini tambarare ya Korogwe. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, mwaka 1967 Serikali ikataifisha mashamba mengi, kazi ikasinyaa, na mtu aliyefagia ua uleule miaka thelathini akakuta hana hata mlango wa kuuita wake. Kwao alishasahaulika, huku hakuandikwa. Kwa hiyo, wewe unayechuma chai leo na kulala chumba usicholipia kodi, hesabu kodi hiyo kana kwamba unailipa, halafu iweke kwenye kiwanja chako kijijini. Ianze siku ya kwanza ya kazi, usisubiri kiinua mgongo.

Kuhusu kiwanja chenyewe, uliza swali moja kabla ya bei: hii ni ardhi ya nani kisheria? Milima ile ina mashamba makubwa yenye hati zake, ina misitu ya hifadhi, na ina ardhi ya vijiji. Kijiji hakiwezi kukupa kilicho cha hifadhi wala cha kampuni, hata mwenyekiti akiwa mjomba wako. Ikiwa ni ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na hapo Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Ukinunua kwa mtu, karatasi ya daftari yenye saini ya balozi na mashahidi wawili haitoshi. Peleka mauzo kwenye Halmashauri ya Kijiji, yaingie kwenye muhtasari, nawe ubaki na nakala.

Sasa mwanamke asiyeolewa. Utaambiwa mila haziruhusu. Jibu kwa upole, ukiwa na sheria mkononi: Sheria hiyohiyo ya Ardhi ya Vijiji inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Mtu aliyeachika akarudi kijijini kwao naye anatajwa kuwa anaweza kuomba. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Wajue kwa majina kabla hujawahitaji. Na usikubali, hata kwa nia njema, kiwanja kiandikwe jina la kaka "ili kusiwe na maneno." Maneno yatakuwepo vilevile, na nyumba itakuwa ya kaka.

Wawili msiooana, kaeni chini leo usiku mzungumze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi huku watu wakiwachukulia hivyo, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na wa kuipinga ni yule aliyekuwa akikuita mpenzi. Hata kwa mume na mke wenyewe, mali iliyoandikwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake peke yake hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Kumbukeni kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia, hoja ambayo imewasaidia wanawake wengi tangu hapo, lakini Bi Hawa mwenyewe alitoka bila fungu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi wa familia alishazitapanya. Majina mawili kwenye hati yanawaepusha na safari hiyo yote.

Wewe wa barabarani, shida yako ni sura. Kijiji humtambua anayeonekana. Huwezi kuhudhuria kila mkutano, basi toa mchango wa shule kwa wakati na uchukue risiti, rudi kwenye misiba ya majirani, panda migomba na masale mpakani, na acha mtu anayeaminika akae ndani. Kiwanja kisichofyekwa kina warithi wengi.

Hatimaye dai Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kufikiwa na MKURABITA, mpango wa Serikali wa kurasimisha mali za wanyonge ulioanza mwaka 2004 kwa mawazo ya Hernando de Soto wa Peru, kwamba hati ya maskini itamfungulia mkopo. Benki nyingi zimesita kuipokea. Mimi naidai kwa sababu nyingine: siku ya ugomvi, mwenye hati husikilizwa kwanza.

Ukishaingia ndani, andika wosia, hasa kama huna mtoto au mwenza anayetambulika. Kwa utaratibu wa kimila ulioandikwa mwaka 1963, ajuaye kusoma anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua, wanne, wawili kwa wawili. Mwislamu asisahau kuwa wosia wake hauvuki theluthi ya mali, na kama anataka nyumba nzima imwendee anayemtunza, aitoe hiba angali hai, mbele ya watu, na kumkabidhi kweli. Nakala moja iweke RITA, wakala wa Serikali unaohifadhi wosia. Nyingine mpe mtu asiyerithi chochote kwako.